Injini inatetemeka kwenye sailensa: kutafuta tatizo kwenye gari la zamani la nozeli lililofufuliwa

Gari lilikaa bandani miaka mingi. Likavuliwa hadi bodi tupu, likapigwa rangi, injini ikafanyiwa ovaholi, mipira yote (hosi) ikabadilishwa. Siku ya kuwasha ikafika, likawaka. Halafu unaondoa mguu kwenye mafuta, injini inabaki kwenye sailensa (inaunguruma yenyewe bila kukanyagwa), na inaanza kutetemeka: gia liva inacheza, taa za dashibodi zinafifia na kurudi, na kila baada ya sekunde chache inataka kuzima. Ukikanyaga mafuta inanyooka na kuvuta vizuri kabisa. Ukiachia, yale yale.

Nazungumzia magari ya petroli ya miaka ya mwanzo ya nozeli (kifaa kinachopulizia petroli kwa presha, badala ya kabureta), hasa yenye mifumo ya Jetronic ya Bosch: D-Jetronic iliyoingia sokoni 1967, kisha K-Jetronic na L-Jetronic zilizokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haya ni magari ninayoyapenda, na inaniuma kuona mtu anamaliza kazi ya miaka miwili halafu anaanza kununua vifaa kwa kubahatisha, sensa leo, nozeli kesho, kontroli boksi (kompyuta inayoamuru nozeli) wiki ijayo, na injini bado inamisi (inaruka mapigo).

Gari lililochakaa na gari lililofufuliwa hayaumwi ugonjwa mmoja. Lililochakaa linaumwa palipolika. Lililofufuliwa, mara nyingi sana, linaumwa palipoguswa: rangi iliyopakwa mahali pa kupitishia umeme, mpira mpya uliokatwa mfupi, oringi iliyojikunja wakati wa kupachikwa, soketi mbili zilizobadilishana mahali. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa gani kimekufa, kaa chini uandike kila sehemu ambayo mkono wa fundi ulipita. Orodha hiyo ndiyo ramani yako.

Sikiliza kwanza

Kuna kutetemeka na kuna kumisi, na watu huvichanganya. Washa gari, liache lipate joto, kisha nenda nyuma ushike kipande cha karatasi karibu na mdomo wa ekzosi. Injini nzima inaisukuma karatasi kwa mapigo yanayofuatana bila kuruka. Pigo likirukwa kwa mpangilio, tap-tap-tap-kimya, tap-tap-tap-kimya, una silinda moja isiyofanya kazi. Likirukwa ovyo, leo hapa kesho pale, tatizo ni la silinda zote: mchanganyiko, umeme wa jumla au hewa inayopenya. Karatasi ikivutwa ndani kwa ghafla mara kwa mara, shuku valvu ya kutolea moshi ambayo haifungi.

Na ikiwa mapigo yamenyooka kabisa lakini gari linatikisika? Basi injini haina kosa. Tazama vishikizo vya injini. Vipya huwa vigumu kuliko vile vya zamani, na vikikazwa injini ikiwa imekaa upande vinapeleka kila mtetemo kwenye bodi. Legeza boliti, acha injini iungurume kidogo ijipange yenyewe, kaza tena. Angalia pia kama paipu ya ekzosi inagusa bodi au kiunzi. Nimeona mtu akifungua nozeli zote kwa sababu ya paipu iliyokuwa imeegemea chasi.

Andika pia lini inatokea. Ikiwa baridi tu? Ikiwa moto tu? Baada ya kuzima dakika ishirini na kuwasha tena? Wakati wote? Jibu hilo peke yake linafuta nusu ya washukiwa.

Kwa nini sailensa ndiyo inayolalamika na mwendo wa kasi haulalamiki? Kwa sababu injini ikiwa kwenye mizunguko 850 kwa dakika inavuta hewa kidogo mno. Tundu dogo la milimita tatu kwenye mpira linaingiza sehemu kubwa ya hewa hiyo. Ukiwa kwenye mizunguko 3,000 tundu ni lile lile, ila limemezwa na mkondo mkubwa. Nozeli iliyoziba kidogo na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliolegea vinajificha kwa namna hiyo hiyo.

Ethi, kabla ya kitu kingine chochote

Gari moja la silinda nne lenye L-Jetronic lilinisumbua wiki mbili. Plagi mpya, pointi mpya (swichi ndogo inayokatakata umeme wa koili ili plagi zipate moto), presha ya mafuta sawasawa, hakuna mpira uliopasuka. Sailensa ilikuwa inayumba, na ukiwasha taa kubwa ilizidi. Hilo la taa ndilo lilipaswa kuniamsha mapema.

Nikachukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa silinda), injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka. Mita ilisoma volti 0.6. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, ikivuka 0.2 una kazi. Nyaya za ethi za kontroli boksi kwenye gari lile zilikuwa zimefungwa kwa boliti moja juu ya manifoldi, na manifoldi ilikuwa imetoka kupigwa rangi ya unga ya kuoka, nzuri, laini, ya kijivu. Nikafungua boliti. Chini ya kikuku cha waya rangi ilikuwa nzima, isipokuwa mikwaruzo mitatu iliyochimbwa na meno ya washa, kila mmoja mwembamba kuliko punje ya mchele. Umeme wote wa nozeli ulikuwa unarudi kupitia mikwaruzo ile.

Nilikwangua hadi chuma cheupe kikaonekana, nikasafisha kikuku, nikapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza ili kutu isirudi. Mita ikashuka hadi 0.03. Sailensa ikatulia pale pale, mkono wangu ukiwa bado juu ya boliti.

Kwa hiyo fanya kipimo hicho sehemu nne: bloku ya injini, manifoldi, bodi, na boliti yenyewe ya ethi ya kontroli boksi, kila moja dhidi ya hasi ya betri. Pima pia betri: injini ikiwa imezimwa iwe karibu na volti 12.6, ikiwa inaunguruma iwe kati ya 13.8 na 14.4. Umeme ukiwa hafifu nozeli inachelewa kufunguka, na kwenye sailensa, ambako inafunguka kwa milisekunde chache tu, kuchelewa kidogo ni hasara kubwa.

Moto wa plagi

Hapa nitapita haraka kwa sababu wengi wanajua njia, ila msiruke. Mafundi wengi wakiona nozeli wanasahau kwamba bado kuna pointi, kondensa na kifuniko cha distributa (kigawa umeme wa plagi). Chomoa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi, nyeupe kama chokaa ni mafuta machache au hewa ya wizi (inayopenya mahali isipotakiwa), yenye unyevu wa oili ni ringi au gaidi za valvu (mirija inayoongoza mashina ya valvu). Plagi moja ikitofautiana na wenzake, tayari unajua silinda ya kufuata.

Tazama alama ya taimingi (wakati plagi inapotoa moto) kwa taa ya taimingi. Ikirukaruka badala ya kusimama, shafti ya distributa imelegea kwenye bushi zake au sahani ya pointi inacheza, na hakuna pointi mpya itakayoponya hilo. Kapsuli ya vakyumu (mvuto wa hewa) ya distributa ivute kwa mdomo kupitia mpira wake: sahani isogee na ibaki hapo ukiziba mpira kwa ulimi. Ikirudi, diaframu imepasuka na una hewa ya wizi pia.

Kwenye L-Jetronic kuna sababu ya ziada ya kunyoosha moto kwanza. Kontroli boksi inapata ishara yake kutoka upande hasi wa koili. Inahesabu mapigo ya pointi na kuamua lini nozeli zote zifunguke, kwa pamoja, mara moja kwa kila mzunguko wa kranki. Pointi zikiruka, moto unaharibika na mafuta yanaharibika kwa mpigo mmoja, na utalaumu nozeli zisizo na hatia.

Na kipya si lazima kiwe kizima. Kondensa na rota mpya zinazouzwa siku hizi hutofautiana sana ubora. Kama ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi, usiitupe. Irudishe kwa majaribio.

Hewa ya wizi

Hapa ndipo magari mengi yaliyofufuliwa yanaangukia, na hapa ndipo inabidi ujue una mfumo gani, kwa kuwa dalili zinageuka.

L-Jetronic hupima hewa kwa kibao kinachosukumwa ndani ya mita ya hewa. K-Jetronic hupima kwa sahani inayonyanyuliwa na mkondo. Yote miwili inahesabu hewa inayopita pale tu. Hewa ikiingilia mahali pengine baada ya kipimo, hakuna anayeihesabu, mafuta hayaongezwi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka na kuzima. Na "mahali pengine" ni pamoja na ndani ya injini yenyewe, kwa sababu mpira wa kupumulia (unaotoa gesi za ndani ya injini) umeunganishwa na njia ya hewa. Kifuniko cha kujazia oili kisichobana, dipstiki isiyo na oringi yake, gasketi ya kifuniko cha valvu iliyokaa vibaya: vyote ni matundu ya hewa.

Kuna jaribio la sekunde tano. Injini ikiwa kwenye sailensa, fungua kifuniko cha oili. Kwenye injini nzima ya L au K, sailensa itaharibika sana, mara nyingi itazima. Kama hakuna kinachobadilika, tayari kuna tundu kubwa mahali fulani na kifuniko ulichofungua hakijaongeza lolote la maana.

D-Jetronic haipimi hewa. Inapima presha ndani ya manifoldi, na kwa presha hiyo inakisia hewa ni kiasi gani. Tundu likitokea, presha inapanda, boksi inaongeza mafuta, na injini inapandisha mizunguko badala ya kufa. Kwa hiyo sailensa iliyo juu, mizunguko 1,200 au 1,400 na skrubu ya sailensa imefungwa kabisa, ni dalili ya hewa ya wizi kwenye D. Ukimwona mtu anarudisha mizunguko chini kwa kuchezea taimingi, mzuie. Lakini tundu likiwa karibu na silinda moja, kwa mfano oringi ya nozeli moja, silinda hiyo peke yake itapata hewa nyingi kuliko wenzake na itamisi hata kwenye D.

Kutafuta tundu, anza na koleo na mpira mmoja mmoja. Bana kwa upole mpira unaokwenda busta ya breki. Sailensa ikinyooka, busta au valvu yake inavuja. Achia, bana unaokwenda kapsuli ya distributa, kisha wa kupumulia, kisha wa valvu ya hewa ya ziada (inayoongeza hewa injini ikiwa baridi). Mipira mipya ya silikoni ni mizuri kwa macho lakini huwa laini, na ile isiyo na uzi ndani inajikunja na kuziba, au inavutwa hadi inabanana kama mrija wa kunywea. Itazame injini ikiwa inaunguruma, siyo ikiwa imezimwa.

Baada ya mipira, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio ya manifoldi na vitako vya nozeli. Maji yakivutwa na kuziba tundu kwa sekunde moja, mlio unabadilika. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini unapulizia kitu kinachowaka moto juu ya ekzosi yenye joto karibu na nyaya za plagi, na gari lililokugharimu usingizi wa miaka miwili halistahili hatari hiyo. Ukiweza kupata mashine ya moshi, hiyo ndiyo bora kuliko zote: ziba njia ya hewa, ingiza moshi kwa presha ndogo, na moshi utakuonyesha kidole pale penye tundu.

Oringi za nozeli zinahitaji neno lao. Kwenye K-Jetronic nozeli imechomekwa tu kwenye kichwa cha injini kupitia kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa nyuzi, na oringi ndiyo inayoishika. Zipo oringi mbili za kufikiria, ya nozeli na ya kikombe. Fundi akibadilisha ya juu na kuacha ya kikombe, kazi haijafanyika. Kama nozeli inatoka kwa kuivuta na vidole viwili bila ubishi wowote, oringi imekauka.

Geji ya vakyumu itakusaidia kuhukumu. Usawa wa bahari, injini nzima iliyopata joto inasoma takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki, na sindano haitikisiki. Ukipanda mwinuko, toa karibu inchi moja kwa kila mita 300. Sindano ikisimama imara kwenye 12 au 14, una hewa ya wizi au taimingi imechelewa. Ikidondoka kwa mpangilio, dondoka-rudi, dondoka-rudi, ni valvu ya silinda moja. Ikielea polepole juu na chini, mchanganyiko haujakaa sawa.

Inapanda na kushuka kama mtu anayehema

Mizunguko inapanda hadi 1,500, inaanguka hadi 900, inapanda tena, bila kukoma. Kwenye D-Jetronic zenye kipengele cha kukata mafuta wakati wa kuachia mguu, maelezo ni haya: swichi ya throto (kibao cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta) inaiambia boksi kwamba mguu haupo, boksi inaona mizunguko ni mikubwa kuliko inavyotakiwa, inakata mafuta. Injini inashuka, mafuta yanarudi, inapanda, yanakatwa. Swichi haina kosa. Kosa ni hewa ya wizi inayopandisha sailensa hadi kwenye mpaka wa kukata. Watu huchomoa soketi ya swichi ya throto, mhemo unaisha, wanatangaza wamepona. Tundu bado lipo.

Kwenye L na K mhemo wa namna hii mara nyingi ni mchanganyiko mwepesi, kwa hiyo rudi kwenye sehemu ya hewa. Kwenye K, zima injini na unyanyue sahani kwa sumaku au koleo ndogo: ipande kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho na ishuke bila kukwama. Ikigusa ukuta wa shimo lake popote, legeza boliti ya katikati uipange upya. Baada ya usafi wa mwaka mzima wa ufufuaji, sahani iliyokaa pembeni ni kitu cha kawaida sana.

Na hakikisha throto inafunga. Skrubu ya kuzuilia kibao cha throto haijawekwa kwa ajili ya kurekebisha sailensa. Kazi yake ni kuzuia kibao kisikwame kwenye ukuta. Sailensa ina skrubu yake ya hewa ya pembeni. Ukisukuma throto taratibu kwa kidole, usikie "tik" ya swichi mara tu inapoanza kufunguka.

Silinda moja au mbili zimekufa

Kwenye L na D, injini ikiwa kwenye sailensa, chomoa soketi ya nozeli ya kwanza. Mizunguko inashuka? Silinda ilikuwa inafanya kazi. Rudisha, nenda ya pili. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo yako. Njia hii ni salama kuliko kuchomoa waya wa plagi, kwani humwagi petroli mbichi kwenye ekzosi na hujiweki karibu na umeme mkali. Kwenye K nozeli hazina waya, hivyo itabidi utumie upande wa plagi, ukiwa umeushikisha waya kwenye plagi ya akiba iliyogusa ethi.

Ukishaijua silinda, hamisha plagi yake kwenda jirani. Kama tatizo limehama, plagi. Halijahama? Hamisha waya. Bado? Hamisha nozeli. Kama hata nozeli haikuhama na tatizo, pima kompresheni.

Silinda mbili zikifa kwa pamoja kwenye D-Jetronic ya silinda nne, usihangaike na nozeli. Chini ya distributa kuna jozi mbili za pointi ndogo za kuamsha nozeli, na kila jozi inaamsha nozeli mbili kwa pamoja. Jozi moja ikichafuka, nozeli zake mbili zinanyamaza. Fungua, pitisha karatasi safi iliyoloweshwa spiriti kati ya pointi, usitumie msasa. Na kwa gari lililofufuliwa, hakikisha soketi za nozeli ziko kwenye silinda zake. Zikibadilishana kati ya kundi na kundi, injini bado inawaka, inakimbia vizuri barabarani, ila sailensa haitulii hata ufanyeje. Fuata rangi za nyaya kwenye mchoro wa gari lako hadi mwisho, usiamini urefu wa waya.

Insulesheni ya nyaya za D inastahili kuogopwa. Baada ya nusu karne karibu na joto la injini inavunjika kama ganda la yai ukiikunja. Kama harnesi ya zamani imerudishwa kwenye injini mpya, kila soketi ifunguliwe mpira wake na ndani yake iangaliwe.

Baridi tu, au moto tu

Ikisumbua baridi na kupona ikipata joto, valvu ya hewa ya ziada inashukiwa. Injini ikiwa baridi, bana mpira wake: mizunguko ishuke wazi. Baada ya dakika kumi hivi, ikishapata joto, bana tena: isibadilike. Kama baridi haibadiliki, valvu imekwama imefungwa. Kama moto bado inabadilika, imekwama wazi au haipati umeme wa kujipasha.

Ikiwa nzuri baridi halafu inajaa masizi na kutetemeka ikipata joto, pima sensa ya joto la maji (au ya kichwa cha injini kwa zile zinazopozwa na hewa). Sensa za Bosch za kizazi hiki husoma karibu omu 2,500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Ikibaki juu, au soketi yake imechomoka, boksi inaamini injini ni barafu na inamwaga mafuta. Pima kwenye pini za soketi ya boksi, siyo kwenye sensa pekee. Hapo unakagua na waya wote njiani.

Washukiwa wengine wa mafuta mengi ni wawili. Regyuleta ya presha ya L ina mpira wa vakyumu. Uchomoe, na ukinusa au kuona petroli ndani, diaframu imepasuka na injini inakunywa mafuta kupitia mpira huo. Nozeli ya kuwashia baridi nayo ikivuja inalowesha manifoldi yote: itoe ikiwa bado imeunganishwa na mafuta, iingize ndani ya chupa, washa pampu, futa ncha yake. Ndani ya dakika moja isitoe hata tone. Kizimamoto kiwe miguuni mwako, siyo ofisini.

Inayosumbua baada ya kuzima dakika ishirini na kuwasha tena, kisha inanyooka baada ya dakika moja, ni mvuke kwenye paipu za mafuta. Presha haibaki baada ya kuzima. Valvu ya kuzuia kurudi kwenye pampu, akyumuleta (chombo kinachotunza presha ya mafuta) kwenye K, au nozeli inayodondosha.

Presha za K-Jetronic

K haina kontroli boksi ya kuilaumu, kila kitu ni presha, na bila geji yenye koki yake unapapasa gizani. Geji inakaa kati ya kigawa mafuta (kinachogawia kila nozeli mafuta yake) na regyuleta ya joto (inayobadilisha presha kadiri injini inavyopata joto). Ukifunga koki unasoma presha ya mfumo, ambayo kwa magari mengi ni bar 4.5 hadi 5.5. Ukifungua unasoma presha ya udhibiti, ambayo injini ikiwa na joto hutua karibu bar 3.4 hadi 3.8 na ikiwa baridi huwa chini zaidi. Kitabu cha gari lako kina namba kamili, zifuate hizo. Presha ya udhibiti ikiwa juu mchanganyiko ni mwepesi, ikiwa chini ni mzito. Watu wengi hugeuza skrubu ya mchanganyiko kufidia regyuleta ya joto mbovu. Gari linapona likiwa moto na linakataa kuwaka asubuhi.

Kisha toa nozeli zote, ziweke kwenye chupa zinazofanana, nyanyua sahani kidogo, karibu na kiasi cha sailensa, na ulinganishe viwango. Chupa moja ikibaki nyuma, badilisha nozeli hiyo na ya jirani. Upungufu ukibaki kwenye paipu ile ile, tatizo ni kigawa mafuta: nyufa zake za kupitishia mafuta ni nyembamba mno, na petroli iliyokaa miaka imeacha utomvu ndani.

Kompresheni na tapeti

Usiseme "injini ni mpya" ukaruka hapa. Viti vipya vya valvu hukaa chini kidogo katika safari za mwanzo, nafasi ya tapeti (uwazi kati ya valvu na kinachoisukuma) inapungua, na valvu ikipata joto haifungi kabisa. Dalili yake ni sailensa nzuri ikiwa baridi na mbaya kadiri joto linavyopanda, bila masizi na bila hewa ya wizi. Pima nafasi za tapeti, kisha kompresheni, throto ikiwa wazi kabisa. Namba zenyewe hazinitishi sana kama zinafanana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ndiyo inanifanya nisimame.

Skrubu ya mchanganyiko, mwisho kabisa

Mpaka hapa hukutakiwa kuigusa. Sasa unaweza, ikiwezekana ukiwa na kipima moshi. Magari mengi ya wakati huo yasiyo na katalaiza hukaa vizuri CO (kaboni monoksaidi kwenye moshi) ikiwa kati ya asilimia 1 na 3. Kwenye L skrubu iko juu ya mita ya hewa, kwenye D ni kitufe kidogo kwenye kontroli boksi, kwenye K ni ufunguo wa milimita 3 unaoingia kati ya kigawa mafuta na sahani. Kwa K, geuza sehemu ndogo ya mzunguko, toa ufunguo, kanyaga mafuta kidogo, subiri itulie, ndipo usome. Ufunguo ukiachwa ndani huku injini ikikanyagwa unapinda mkono wa sahani.

Rekebisha mchanganyiko taa zikiwa zimezimwa na feni imesimama, kisha washa kila kitu na uone kama inastahimili. Andika vakyumu, CO na mizunguko ndani ya kifuniko cha boneti kwa kalamu ya rangi. Baada ya kilomita 1,000 rudia tapeti, kaza tena boliti za manifoldi injini ikiwa baridi, chomeka geji ya vakyumu, na ulinganishe na namba ulizoandika.